Silaha ya kesho katika vita vya jana: niliyoyaona mezani

Ndugu uliyeuliza, unataka kujua iwapo Ujerumani ingetawala anga ya Ulaya kama ndege yake ya jeti, Me 262, ingeingia vitani mwaka mmoja kabla ya 1944, maana ndiyo dhana unayotaka kuijengea hadithi. Dhana hiyo tuliwahi kuijaribu watu wanne kwa ramani, kete, dadu na daftari, mimi nikiwa mwamuzi, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyashuhudia.

Mwanzoni jeti zilitamba, kwa kuwa hakuna ndege ya adui iliyozifikia kwa mwendo. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ni ufundi wa mitambo, aliposhikilia kwamba kila injini iandikiwe saa zake. Injini ya Me 262, iliyoitwa Jumo 004, iliundwa wakati nikeli na kromiamu, madini yanayosaidia chuma kustahimili joto, zimeadimika, ikawa inadumu takriban saa 10 hadi 25 tu, na rubani aliyeongeza mafuta kwa pupa aliweza kuiunguza au kuizima angani. Tukaanza kukata saa hizo kwa penseli. Kufikia zamu ya sita ukurasa mzima ulikuwa umechorwachorwa, kete nyingi za jeti zimelazwa pembeni zikingoja injini, na adui amekwisha kujifunza kuzivizia zinapopunguza mwendo ili zitue, kama marubani wa Marekani na Uingereza walivyofanya katika vita vyenyewe.

Nakiri kwamba nilitamani kuibadilisha kanuni, kwani nilikuwa nimekwisha kuandika sura mbili za ushindi. Baadaye nilisoma kwamba kishawishi hicho kiliwapata hata wenye vyeo: mwaka 1942 Wajapani walipoujaribu mezani mpango wao wa kuishambulia Midway, kisiwa cha Marekani katika Bahari ya Pasifiki, Admirali wao Ugaki, aliyekuwa mwamuzi, alipunguza mabomu yaliyohesabiwa kupiga meli zao za kubeba ndege kutoka 9 hadi 3, na Kaga, mojawapo ya meli hizo, iliyokuwa imetangazwa kuzama, ikarudishwa mchezoni. Mwezi Juni ilizama kweli, pamoja na nyingine tatu.

Silaha za miaka ijayo nazo nazipima hivyo hivyo, yaani nauliza zinakula nini, nani anazitengeneza zikiharibika, na adui atajibu vipi baada ya kupigwa mara ya kwanza. Nchini Ukraine, mawimbi ya redio ya droni yalipoanza kuvurugwa, zilikuja droni zinazoburuta uzi mwembamba wa kioo kwa kilomita kadhaa ili zipokee amri kupitia uzi huo badala ya redio, jambo ambalo mimi, niliyekuwa nikibuni makundi ya droni zenye akili, sikuwahi kuliwaza. (Uzi! Katika hadithi yangu ningeona aibu kuuandika.)

Tukirudi kwenye jeti yako, ukitaka iwahi lazima kwanza uipatie madini, na hapo historia yako itaanzia mbali na uwanja wa ndege. Nikeli ilitoka Petsamo, iliyokuwa mikononi mwa Ufini, na kromiamu nyingi ilitoka Uturuki, ambayo iliacha kuiuzia Ujerumani mwezi Aprili 1944 baada ya kubanwa na Uingereza na Marekani. Mimi zile sura mbili nilizichana. Sura ya kwanza ya sasa ina mabalozi wawili mjini Ankara wakibishania bei ya mawe, na ndege haijaonekana bado.