Jibu: Uso niliouona kwenye mti mbona hautokei kwenye picha?

Ndugu, umeuliza kwa nini uso uliouona waziwazi kwenye shina unapotea ukishapiga picha. Macho yako hayana kasoro. Ubongo wa binadamu ni mwepesi mno wa kutambua sura: vitundu viwili juu, mkwaruzo chini, tayari umeona mtu. Hali hiyo huitwa pareidolia. Mwaka 1976 chombo cha anga cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima kwenye sayari ya Mirihi, watu wakaona uso. Picha kali zaidi za 2001 zikaonyesha kilima cha kawaida.

Shida yako naona ni mwanga. "Macho" ya mti mara nyingi ni makovu ya matawi yaliyokatika. Mti hufunika kidonda polepole, kingo zikavimba kama kope. Jua la utosini hufuta vivuli vya uvimbe huo, na kamera, tofauti na macho yako mawili, haioni kina. Rudi asubuhi au jioni, jua likiwa ubavuni mwa shina. Kuna kovu nililipita miezi kadhaa bila kulijali, hadi jioni moja kivuli kikaingia chini ya ukingo wake, likanitazama kama jicho la mzee anayesinzia. Sikuondoka pale mpaka jua lilipozama.

Halafu sogea karibu, majani ya pembeni yasiingie kwenye picha. Jaribu pia nyeusi na nyeupe, maana ukijani wa kuvumwani, ule utando unaoota kwenye gome, huvuruga sana sura. Ukipata, tuwekee hapa, natamani kweli kuiona.