Barabara imepita jikoni kwangu, nimpe kijana laki tatu aisogeze?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa nje kidogo ya Mtwara mjini, upande wa kwenda Naliendele. Kiwanja nilikinunua mwaka 2013 kwa kupimiwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, nikajenga taratibu kwa fedha za korosho. Sasa mtaani kwetu kuna urasimishaji, yaani makazi yetu yanapangwa na kupimwa ili tupate hati, na michango tumetoa. Wiki iliyopita jirani kaniambia ameuona mchoro ofisi ya mtaa, barabara imepita kwenye jiko langu la nje na choo. Kijana mmoja anayewabebea wapimaji vifaa anasema nikimpa laki tatu ataisogeza kabla bikoni, yale mawe ya mipaka, hazijawekwa. Wengine wananiambia nisubiri siku ya bikoni nikatae. Nilisaini karatasi mkutano wa kwanza, naogopa labda nimeshakubali. Nifanye nini?

JIBU: Usimpe. Na usisubiri siku ya bikoni. Ushauri huo wa pili naona ndio unaokupendeza, mama yangu, kwa sababu hauna gharama, lakini huo ndio utakaokuumiza.

Nimalize la saini kwanza maana ni jepesi. Karatasi ya mkutano wa kwanza kwa kawaida ni ya mahudhurio: jina, namba ya simu, saini. Inathibitisha kwamba ulikuja, basi. Fomu ya utambuzi, ile waliyokuja nayo hadi kwako mkazunguka mipaka na majirani, inasema mpaka wako unaishia wapi. Nayo haisemi kitu kuhusu barabara. Kinachoweza kukubana ni muhtasari wa mkutano, kama umeandikwa kwamba wananchi wameridhia kuachia ardhi ya barabara bila fidia. Nenda kwa mtendaji ukausome. Hata ukikuta umeandikwa hivyo, mliridhia kuachia ardhi, hamkuridhia mstari upite jikoni kwa nani.

Sasa huyo kijana. Swali kama lako nalipata karibu kila mwezi, Mtwara na Lindi, na kila mara yupo kijana. Safari nyingine anabeba stendi ya mashine, safari nyingine ni mpwa wa mjumbe, safari nyingine amevaa kizibao cha njano tu. Bei inabadilika, maneno ni yale yale: "nitaisogeza."

Hawezi kuisogeza, na sababu ni ya kiufundi kabla haijawa ya uaminifu. Barabara yako haiko chini, iko kwenye mchoro. Mchoro unaandaliwa na mpangamiji, mtu wa kazi kama yangu, unapita halmashauri, ambayo ndiyo mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, kisha unaidhinishwa upande wa Wizara ya Ardhi. Mpimaji anakuja baada ya hapo. Kazi yake ni kuutoa mchoro kwenye karatasi na kuuweka ardhini, na ramani yake ya upimaji ikifika kukaguliwa inawekwa sambamba na mchoro uleule. Zikitofautiana inarudi.

Tuseme umempa hela na amehamisha bikoni mita tatu usiku. Mpimaji akigundua, anairudisha ilipokuwa, na laki tatu zimekwenda. Asipogundua, ramani inaweza kukwama, mtaa mzima ukasubiri hati kwa ajili ya jiko moja, na majirani watajua ni jiko la nani. Baya zaidi ni ramani kupita kwa koordineti, zile namba za kuonyesha mahali, zilizoko ofisini huku chini bikoni imekaa kwingine. Hapo utakuwa na hati inayosema hivi na jiwe linalosema vile, na utakuja kulijua hilo siku benki imetuma mtu kuja kutazama dhamana. Kuhamisha bikoni ni kosa la jinai pia, lakini hilo naona haliwatishi watu, kwa hiyo nimelitaja la mwisho.

Tena ukitoa laki tatu wewe, wa ng'ambo ambaye barabara inasogezwa kwake atatoa nne. Nimeshaona mstari mmoja ukiuzwa kwa nyumba mbili zinazotazamana, na kila mmoja anamshukuru kijana.

Katika barua yako yote, habari kubwa umeitaja kwa bahati mbaya: jirani ameuona mchoro ukutani ofisi ya mtaa. Umeileta kama msiba, kumbe inaweza kuwa ndiyo nafasi yako. Mchoro ukibandikwa pale kabla ya kuidhinishwa, ni rasimu, na umebandikwa ili mseme. Kwenye rasimu barabara ni mstari wa kompyuta. Kuusogeza ni kazi ya dakika kumi, na mchoraji hatakiwi kudai hata shilingi. Ukishaidhinishwa, kuubadili ni marekebisho ya mchoro, yaani safari ile ile kuanzia mwanzo. Siku ya bikoni ni baada ya hayo yote. Unayemkuta siku hiyo ni mpimaji na mashine yake, hana mamlaka ya kukusikiliza hata akikuhurumia.

Hili ndilo linalonichosha kuliko vishoka wenyewe. Mkutano wa michango unajaa mpaka watu wanasimama juani. Mkutano wa kuhakiki rasimu, nimewahi kukaa chini ya mkorosho na watu tisa, wawili wao wajumbe na mmoja amefuata kivuli. Miezi minane baadaye wapimaji wanafika, mtaa mzima uko barabarani, na wimbo ni mmoja: hatukushirikishwa. Watu wanadhani kushirikishwa ni kuulizwa "mnakubali?" mbele ya mashine. Mkisubiri mpaka hapo, mnachobaki nacho ni kugoma, na kugoma hakuhamishi mstari.

Nisiwaonee wananchi peke yao. Zipo kampuni za kupanga na kupima zilizochukua michango zikayeyuka. Zipo zinazobandika mchoro siku mbili, nyuma ya mlango, herufi ndogo kama za dawa, maelezo yote kwa Kiingereza, kisha zinaandika kwenye ripoti kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu. Kama wa kwenu ni wa namna hiyo, mwambieni mtendaji awaitie mpangamiji aje ausome mchoro mbele yenu kwa Kiswahili, nyumba kwa nyumba. Hiyo ni sehemu ya kazi aliyolipwa.

Na sisi tunaochora tunawahitaji kuliko tunavyokiri. Nilikuwa na rasimu ya mtaa mmoja wa Lindi, kule kwenye mteremko, nimeichora juu ya picha ya anga iliyopigwa kiangazi. Nimeona ukanda mweupe umenyooka, hauna nyumba, nikasema hapa ndipo, nikalaza barabara. Siku ya uhakiki bibi mmoja akauliza, "Mwembe wangu uko wapi humu?" Nikamwonyesha doa la kijani. Akaweka kidole pale, akakishusha taratibu juu ya barabara yangu mpaka chini kabisa, akasema, "Huku ndiko maji yanakopita masika. Yalishaondoka na mbuzi wangu wawili." Kumbe ule ukanda haukuwa na nyumba kwa sababu waliokaa pale walikuwa na akili kuliko mchoro wangu. Tuliihamisha barabara nyuma ya nyumba tatu, wenye nyumba wakiwepo na wakikubali, na mkondo wa maji ukaachwa wazi. Bibi hakuandika barua, hakumjua mtu yeyote ofisini. Alikuja tu siku ile.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda ofisi ya mtaa. Tazama mchoro una muhuri wa kuidhinishwa na namba ya mchoro, au bado. Kama bado, andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa mipangomiji. Taja namba ya kipande chako kama ilivyo kwenye rasimu, majirani zako wa pande zote, na kilichopo chini: jiko la matofali au la makuti, choo cha shimo au cha kisasa. Usiandike "napinga" ukaishia hapo. Andika barabara ingeweza kupita wapi. Kama nyuma yako kuna mpaka wa mashamba mawili ambao haujajengwa, sema, na nenda na wenye mashamba hayo wakaweke majina yao. Ombi la mtu mmoja la kuisukumia barabara kwa mwenzake halifiki mbali, na sioni kwa nini lifike. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huna barua.

Kama tayari imeidhinishwa, barua ni hiyo hiyo, ila unaomba marekebisho, na mjiandae kuiombea wengi.

Na ujiandae kwamba huenda jiko likaenda. Tunajitahidi kuikwepa nyumba ya kulala, na choo tunakikwepa tukiweza, lakini jiko la nje mara nyingi ndilo linalotoa njia. Fidia kwenye urasimishaji usiitegemee; hapa ni ninyi mnaoachiana ardhi ili kila nyumba ipate njia. Wanaokwambia utalipwa wanachanganya na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, pale serikali inapotwaa eneo kwa mradi wake. Kuna mistari pia ambayo mkutano wa mtaa hauna ubavu nayo: hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kila upande kutoka katikati tangu Sheria ya Barabara ya 2007, na zile mita 60 kutoka baharini au mtoni za Sheria ya Mazingira ya 2004. Ukiwa humo, usipoteze nauli.

Lakini mama, barabara haikuanza kukuingia jikoni mwaka huu. Ilianza siku uliponunua ishirini kwa ishirini kwa hatua. Kwa hatua za nani? Dalali mrefu na dalali mfupi wanakupa viwanja viwili tofauti. Mwaka 2013 ndiyo miaka ya gesi, bomba la Dar es Salaam linajengwa, kila mwenye shamba la mikorosho Mtwara amegeuka muuza viwanja. Aliyekukatia alikata shamba zima kama mkate, na hakuacha njia kwa sababu njia haina mnunuzi. Hakuacha shule, soko wala makaburi. Barabara inayotafutwa leo ndani ya viwanja vyenu ni ile aliyoiuza yeye.

Katikati ya mji huu barabara ni pana na zimenyooka kwa sababu zilichorwa kabla ya nyumba, mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mradi wa Waingereza wa kulima karanga. Haukuwa mji wa kuulizana, ni wa mkoloni, na karanga zenyewe zilishindwa ifikapo 1951. Reli ya kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, nayo iling'olewa. Nafasi ya barabara ikabaki, na leo bajaji zinapishana bila kugusana. Ukitoka hapo ukaingia mitaa iliyokatwa kwa hatua unakuta mambo mengine. Nilihudhuria msiba mmoja ambako kichochoro nilikipima baadaye kwa tepu, mita moja na sentimita arobaini. Jeneza lilitoka na wabebaji wawili mbele, wawili nyuma, wengine wote wamesubiri barabara kubwa. Hakuna aliyeweza kupokea.

Lindi wasicheke. Tangu Likong'o itajwe kuwa ndipo mtambo wa gesi utakapojengwa, nimeshaonyeshwa "michoro ya mradi" ya rangi, karatasi inang'aa, viwanja vimepangwa kama meno, imechapwa stesheneri. Haina namba ya mchoro wala jina la mpangamiji aliyesajiliwa. Anayeuza anasema upimaji "uko mbioni". Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri kwenye mauziano, na mnunuzi anauchukulia muhuri ule kama hati. Mwenyekiti anashuhudia kwamba mlipeana fedha. Hajathibitisha kwamba pale panaruhusiwa nyumba. Panaweza kuwa pamepangwa kuwa shule, au mkondo wa maji kama wa yule bibi.

Kuyajua hayo hakuhitaji kujuana na mtu. Kabla hujatoa fedha unaingia ofisi ya mipangomiji ya manispaa, unataja mtaa, unaeleza eneo lilipo au unaonyesha kwenye simu, unauliza maswali mawili: eneo hili lina mchoro namba ngapi, na limepangiwa matumizi gani. Ukiambiwa faili halionekani, uje kesho, nenda kesho.