Usisubiri siku ya mwisho kuwaaga wenzako wa kozi

Juzi msomaji kaniandikia inboksi: "Dada, Ijumaa tunafunga kozi ya mtandaoni. Nimeambiwa niwaage wenzangu. Niseme nini?" Nikacheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikanikauka.

Mwaka jana nilisoma kozi ya tafsiri, wiki 12, saa mbili usiku. Tulikuwa watu 19. Saa mbili yangu ya Morogoro ilikuwa saa tatu kwa mama mmoja wa Muscat na saa moja kwa kaka wa Lubumbashi, ambaye tulizoea kumsikia akitafuna. Masomo yenyewe tuyaache; nilifaulu, tena vizuri, cheti kiko ukutani.

Siku ya kuagana mimi ndiye niliyechaguliwa kusema. Nisiwe mnafiki, nilijipendekeza nichaguliwe. Hotuba kurasa mbili. Juu nimevaa gauni la kitenge jipya, kiunoni khanga, maana kamera huko haifiki. Bando nimenunua la kutosha. Nilichosahau ni kwamba kikao kile tulikiitisha wenyewe, kwa akaunti ya bure ya Zoom, na kikao cha bure ni dakika 40. Salamu peke yake zilikula robo saa. "Unanisikia? Washa maiki!" Mmoja akaghani shairi, beti tisa. Zamu yangu ikafika, nikaanza kwa madaha, na nilipotamka "kwa namna ya pekee nimshukuru..." skrini ikafunga.

Niliyetaka kumshukuru ni mama wa Muscat. Wiki ya sita mwanangu alilazwa, nikawa nimeamua kuacha kozi. Mama yule akanirekodia kila kipindi nilichokosa, sauti za dakika tano tano, nyuma yake kiyoyozi kinanguruma. Nilimjibu "asante mama" na kopa moja. Maneno yenyewe nilikuwa nayatunzia hotuba, ili na wengine wasikie ninavyojua kushukuru. Ndiyo, hilo nalo lilikuwemo.

Nikaibandika hotuba kwenye grupu la WhatsApp. Nikapata vidole gumba sita. Asubuhi watu wakaanza kulefti. Siku hizi taarifa ya mtu kujitoa inawafikia maadmini tu, na mimi nilikuwa admini, kwa hiyo niliwahesabu mmoja mmoja. Mama wa Muscat alikuwa wa tatu. Nikanuna. Nikasema kama ameweza kuondoka bila kwaheri, basi.

Sasa wewe wa Ijumaa, anza leo. Mfuate inboksi kila aliyekufaa, umtajie jambo alilokufanyia, si "hongera mpendwa". Hotuba iwe ya dakika mbili, na majina ya unaowashukuru yatangulie, usiyaweke mwisho kama mimi. Namba zao zisevu. Ukichelewa, orodha ya waliojitoa kwenye grupu huonekana kwa siku 60. Huko ndiko nilikompata kaka wa Lubumbashi, akanijibu, "Aksanti mingi, dada," na picha ya sahani ya bukari, ugali wa kwao. Lakini anza inboksi. Nimeshasema, narudia.

Jamani, tumekuwa watu gani? Kuwaandikia watu 19 "nawapenda wote" tunaweza, mistari mitatu kwa mtu mmoja inatushinda. Shukrani tunaitaka yenye jukwaa na wapiga makofi. Na msiniambie mko bize. Mwenye muda wa kubadilisha picha ya wasifu mara tatu kwa wiki ana muda wa kuandika asante.

Mimi kununa kulinichukua wiki tano. Nilipomwandikia mama wa Muscat, niliandika kila kitu: hospitali, sauti zake, hata kiyoyozi. Ni ujumbe mzuri kuliko ile hotuba. Mpaka leo una tiki moja.