Jibu: Je, Wu "alisaidia tu"?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli mwanafizikia Chien-Shiung Wu "alisaidia tu" hadi wanafizikia wa nadharia Lee na Yang wakapewa Nobel ya fizikia ya 1957. Hapana bwana. Wale wawili walikuwa na hoja kwenye karatasi: huenda nguvu dhaifu ya nyuklia (ile inayofanya baadhi ya viini vya atomi vivunjike na kutoa elektroni) haitendi sawa kwa kitu na kwa taswira yake ya kwenye kioo. Aliyekwenda kupima ni Wu.

Alikuwa akifundisha Columbia, New York, lakini mitambo ya baridi ilikuwa Washington, basi mwishoni mwa 1956 akawa mtu wa treni, huku na huko. Yeye na wenzake walitakiwa kuipoza kobalti-60, aina ya kobalti yenye mionzi, hadi takribani 0.01 ya digrii juu ya sufuri kamili (baridi isiyoweza kuzidi), ili viini vyake vijipange kufuata sumaku. Hapo ndipo maabara inapotoa watu jasho: gundi iliyoshikilia fuwele zilizoizunguka kobalti haikuhimili baridi, ikaachia. Wakazifunga kwa uzi wa nailoni. Ndiyo, uzi! Elektroni zikatoka kwa wingi upande ulio kinyume na mzunguko wa viini. Sumaku ilipogeuzwa, nazo zikageuka. Kwa hiyo kitu na taswira yake ya kiooni havitendi sawa, kama Lee na Yang walivyohisi.

Kuhusu tuzo, utetezi unaosikika wa kumwacha Wu ni kwamba makala yake na wenzake ilikuwa na majina matano, na Nobel haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Mimi utetezi huo siununui, maana nafasi ya tatu ilibaki wazi. Tuzo ya Wolf alikuja kupewa 1978, ya kwanza kabisa kwa upande wa fizikia.