Kinu kikipata ajali: tukimbie au tufunge madirisha?

SWALI: Tunaishi Huy, Ubelgiji, jirani na kinu cha nyuklia cha Tihange. Nina watoto wa miaka 2 na 9, na mama yangu ana miaka 68. Ikitangazwa ajali, tupande gari tukimbilie kwa ndugu zetu Liège? Vidonge vya ayodini tuvimeze lini? Halafu nimenunua kipimo kidogo cha mionzi. Juzi usiku mvua ilipopiga, namba ilipanda maradufu. Sikulala.

JIBU: Tuanze na hicho kilichokunyima usingizi, mama. Ardhi hutoa kila siku gesi ya radoni, yenye mionzi ya asili, na mvua kubwa hukusanya chembe zake hewani na kuzishusha chini. Kipimo kinachosoma 0.1 mikrosiveti (kizio cha mionzi inayompata mtu) kwa saa kinaweza kufika 0.2, kisha kikashuka chenyewe baada ya saa chache. Linganisha na mji wa Fukushima, Japani, kilomita 60 hivi kutoka kinu kilichoharibika: jioni ya 15 Machi 2011 ulisoma zaidi ya 20. Hata hapo, saa 24 za kukaa nje kwa kiwango hicho ni kama milisiveti 0.48, wakati mionzi ya asili pekee humpa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Angalia vizuri alama ya kipimo: milisiveti 1 ni mikrosiveti 1,000, na taharuki nyingi huanzia hapo. Namba ikikushangaza, fungua TELERAD, mtandao wa vituo vya kupimia mionzi vya serikali ya Ubelgiji. Vituo vya jirani vikiwa vimetulia, sababu itafute hapo hapo nyumbani. Na usikielekeze hicho kidude kwenye maziwa wala mboga ukitarajia jibu. Chakula hupimwa maabara, ndani ya kasha la madini ya risasi.

Kuhusu Liège: msiondoke kabla ya kuambiwa. Pepo za huko kwenu mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, na Liège iko mashariki-kaskazini-mashariki ya Huy. Mnaweza kujikuta mnasafiri pamoja na wingu lenyewe la mionzi. Ndivyo ilivyowapata watu wa Namie, mji jirani na kinu hicho cha Fukushima: walikimbilia Tsushima, upande ule ule ambao upepo ulipeleka uchafu. Makadirio ya mwelekeo wa wingu yalikuwapo serikalini, wao hawakupewa. Kijiji cha Iitate, kilomita 40 hivi na nje kabisa ya duara la kilomita 20 ambalo watu waliamriwa kulihama, kilichafuka kuliko sehemu nyingi za karibu. Upepo haufuati duara la ramani. Tena huko, watu zaidi ya 50, wagonjwa na wazee, walikufa kwa kuhamishwa haraka haraka bila huduma, si kwa mionzi. Mfikirie mama yako.

Kwa hiyo ingieni ndani. Fungeni madirisha, zimeni feni na mtambo wa kuingiza hewa, zibeni upenyo wa mlango kwa taulo lenye maji, mkae chumba cha katikati au cha chini ya ardhi. Aliyekuwa nje avue nguo za juu na viatu mlangoni. Hapo tu anaweza kuacha hadi asilimia 90 ya vumbi la mionzi. Nguo ziingie kwenye mfuko wa plastiki, ufungwe, uwekwe mbali na watu. Aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila kujisugua kwa nguvu, na asipake kondishena, maana hugandisha vumbi kwenye nywele. Mtoto aliye shuleni msimfuate. Atatunzwa huko huko, nanyi mtakuwa barabarani saa mbaya kuliko zote. Jiandikisheni leo BE-Alert, huduma ya tahadhari ya serikali ya Ubelgiji, mpate ujumbe kwenye simu, na muwe na redio ya betri.

Vidonge hutolewa bure kwenye maduka ya dawa Ubelgiji, kila kimoja miligramu 65. Mwenye zaidi ya miaka 12 humeza 2. Huyo wa miaka 9 kimoja. Wa miaka 2 apewe nusu ya kidonge, iliyosagwa kwenye juisi. Kwa mama yako faida ni ndogo, na madhara kwa tezi ya shingo yanawezekana zaidi, basi muulizeni daktari sasa hivi, kabla ya siku hiyo. Subirini agizo: muda mzuri ni ndani ya saa 24 kabla wingu halijafika hadi saa 2 baada ya kufika. Zikipita saa 24 baada ya kufika, kidonge kinaweza kudhuru kuliko kusaidia. Nacho hulinda tezi tu, dhidi ya ayodini ya mionzi; siziamu, uchafu mwingine wa mionzi, hakiizuii. Chumvi ya madini joto haifai kitu: ikiwa na miligramu 30 za ayodini kwa kilo, mtu mzima angehitaji kula zaidi ya kilo 3.

Siku zinazofuata, jihadharini na maziwa mabichi na mboga za majani za eneo hilo. Baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl, 1986, maziwa ndiyo yaliyopeleka ayodini ya mionzi kwenye tezi za watoto wengi. Ayodini hiyo hupungua nusu kila siku 8, basi vyakula vya kopo huwavusha. Maji ya bomba ya Tokyo, Machi 2011, yalifika bekereli (kizio cha kupimia uchafu wa mionzi) 210 kwa kilo: chini ya kikomo cha watu wazima, 300, lakini juu ya kile cha watoto wachanga, 100. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji ndiyo hupungua, uchafu ukabaki sufuriani. Maji ya chupa mliyoweka akiba, wa kwanza kunywa awe huyo wa miaka 2.