Ramani ya Mafuriko Ikibadilika, Usiiweke Barua ya Benki Juu ya Friji

Barua ya benki ilifika Januari 2021. Niliisoma nusu, nikaiweka juu ya friji pamoja na kuponi za piza, nikaenda zangu kazini. Ilisema kwamba nyumba yetu, iliyoko kusini mwa Houston, imeangukia ndani ya eneo la hatari kwenye ramani mpya ya mafuriko ya FEMA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maafa, na nina siku 45 za kukata bima ya mafuriko. Nilidhani ni matangazo. Hapa Marekani ukishanunua nyumba, kila wiki kuna mtu anakuandikia akitaka kukuuzia bima ya bomba, bima ya paa, hata ya mashine ya kufulia.

Siku 45 zikapita. Benki ikakata bima yenyewe na kuibebesha kwenye malipo yangu ya mwezi. Sheria inawaruhusu. Bima hiyo ya kubandikwa ilikuwa karibu mara tatu ya niliyokuja kuipata mwenyewe, na ilihusu jengo tu. Makochi, vitanda na nguo zetu havikuwamo. Kama yamekukuta haya, kata ya kwako haraka na uwapelekee uthibitisho. Ndani ya siku 30 wanatakiwa kuiondoa ya kwao na kukurudishia pesa ya zile siku ambazo bima mbili zilikuwa zinatembea pamoja. Mimi walinirudishia, baada ya kupiga simu mara nne.

Lakini kosa langu lilianza 2018, tulipokuwa tunanunua. Dalali alituambia nyumba iko zoni X, yaani nje ya eneo la hatari, benki haitadai bima ya mafuriko. Hakusema uongo, kwa siku ile. Ambacho hakusema, na mimi sikuuliza, ni kwamba rasimu ya ramani mpya ilikuwa tayari iko mezani. FEMA hawabadilishi ramani usiku mmoja. Hutoa rasimu, hufungua siku 90 za pingamizi, kisha hutoa uamuzi wa mwisho, na baada ya hapo ramani husubiri miezi sita kabla ya kuanza kutumika. Mji wetu uliitisha hata mkutano wa wananchi pale maktaba. Tangazo nililiona. Siku hiyo kulikuwa na harusi Dallas.

Kwa hiyo ukitaka kununua, usiishie kuuliza nyumba iko zoni gani. Ingia kwenye tovuti ya ramani ya FEMA, andika anwani, halafu angalia na rasimu kama ipo. Na kama wewe tayari una nyumba na rasimu imetoka, nenda kwenye mkutano, ila ujue kwamba pingamizi la kulalamikia bei halisikilizwi. Wanataka vipimo.

Mimi nimekulia Magomeni, Dar es Salaam. Kule hakuna aliyehitaji ramani kujua kwamba mvua ikishika, Jangwani hapapitiki. Bonde unaliona kwa macho. Houston ni tambarare kama sinia. Mito yake inafanana na mitaro mikubwa, na inchi chache tu ndizo zinazoamua maji yalale kwako au kwa jirani. Ndiyo maana mstari kwenye ramani unaweza kupita katikati ya mtaa, huku wanadaiwa bima, kule hawadaiwi.

Mstari wenyewe maana yake ni hii: walio ndani wana angalau asilimia 1 ya uwezekano wa kufurikiwa kila mwaka. Watu huyaita mafuriko ya miaka 100, na jina hilo limewaponza wengi, wakidhani yakishakuja mara moja basi wajukuu ndio watayaona tena. Hesabu haiendi hivyo. Kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni kama asilimia 26. Mimi nisingepanda daladala yenye nafasi hiyo ya kupinduka.

Baada ya kulipa kiherehere cha benki, tulimwita mpima ardhi aliyesajiliwa atutengenezee cheti cha mwinuko. Alikuja asubuhi na chombo chake cha miguu mitatu na fimbo ndefu yenye namba. Sakafu aliimaliza mapema, iko juu vizuri, zaidi ya futi moja juu ya kimo ambacho FEMA wanakadiria maji yatafika. Muda wake mwingi aliutumia kuzunguka nyumba, akitafuta pale ambapo ardhi inagusana na ukuta ikiwa chini kuliko kwingine kote. Akapapata nyuma, kando ya kiyoyozi, mita moja kutoka kwenye mchicha wa mke wangu. Akasimamisha fimbo, akasoma, akarudia. Inchi nne chini ya kimo hicho cha maji.

FEMA huangalia ardhi hiyo ya chini kabisa, si sakafu, kwa hiyo kona hiyo moja ilitunyima kutolewa kwenye eneo la hatari. Shemeji yangu, mtu wa suluhisho, akasema tulete lori la udongo tuijaze. Mpima akacheka. Udongo wa kuleta unaingia kwenye ombi la aina nyingine, lenye ada yake na sahihi ya mji.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, Mnigeria, kona yake ya chini kabisa ilikuwa inchi mbili juu. Yeye alituma ombi linaloitwa LOMA, la kuomba barua ya FEMA ya kuitoa nyumba kwenye eneo la hatari. FEMA hawatozi kitu kulipokea. Gharama ni ya mpima. Wakishapata nyaraka zote hujibu ndani ya siku 60. Barua yake ilikuja, akaipeleka benki, na benki ikaacha kumlazimisha, ingawa wana hiari ya kuendelea kudai wakitaka.

Hapo sasa ndipo ushauri wa magrupu ya WhatsApp unapopotosha. Bado naona watu wakiambiana "pata LOMA bei ishuke." Hiyo ilikuwa zamani. Tangu Oktoba 2021, bima ya serikali, yaani NFIP, haipangi bei kwa kufuata zoni ya kwenye ramani. Wanaangalia nyumba yako yenyewe: iko umbali gani na maji, sakafu ina kimo gani, kuijenga upya kunagharimu kiasi gani. Zoni imebaki na kazi kubwa moja, kuamua kama benki ikulazimishe au la. Cheti cha mwinuko bado kinaweza kukusaidia kwenye bei, lakini kwa sababu ya kimo cha sakafu.

Kuna punguzo ambalo ukilikosa utalijutia. Nyumba iliyoingizwa kwenye eneo la hatari na ramani mpya hupata bei nafuu ya kuanzia, mradi ukate bima ndani ya miezi 12 tangu ramani ianze kutumika. Kisha bei hupanda kidogo kidogo, kwa nyumba unayoishi mwenyewe kwa kawaida isizidi asilimia 18 kwa mwaka, mpaka ifikie bei kamili. Ukiiacha ikatike, punguzo limekwenda. Ukiuza nyumba, unaweza kumhamishia mnunuzi bima hiyo, na hicho ni kitu cha kukitaja kwenye mazungumzo ya bei.

Na wale ambao ramani mpya imewatoa? Najua furaha yenu. Msiifute bima mliyo nayo. Agosti 2017, Kimbunga Harvey kilipotua, zaidi ya nusu ya nyumba zilizoingia maji hapa Harris County zilikuwa nje ya mstari. Nilikwenda kumsaidia rafiki yangu mmoja wa hao. Tulibomoa jipsamu za kuta zote mpaka usawa wa kifua, tukavuta mazulia yaliyolewa maji hadi barabarani, na mtaa mzima ulikuwa na vichuguu vya namna hiyo mbele ya kila nyumba. Bima yake ya kawaida ya nyumba haikumlipa hata senti, maana haigusi mafuriko. Alipata msaada kidogo wa FEMA, kilichobaki akakikopa, na bado analipa.

Usingoje kimbunga kitangazwe kwenye runinga. Bima ya NFIP kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, isipokuwa unapofunga mkopo mpya, au pale ramani inapokuwa imebadilika karibuni. Jengo hulipwa mpaka dola 250,000 na vitu vya ndani mpaka 100,000, lakini vitu unavikatia peke yake. Wapangaji nao wanaweza kukatia vyao.

Msimu wa vimbunga unaanza Juni 1. Siku hiyo kila mwaka napita chumba kwa chumba na simu, narekodi video, nafungua makabati, nasoma namba za nyuma ya friji kwa sauti, kwa sababu maji yakishaingia una siku 60 tu za kupeleka madai yaliyosainiwa, na hakuna anayekumbuka alikuwa na viti vingapi. Video naituma kwa dada yangu aliyeko Tabata, Dar es Salaam, simu yangu isije ikazama nayo. Mwaka jana alinipigia kuuliza kwa nini bado nina ile mikrowevu.