Kondo la nyuma limefunika njia na damu inatoka: je, niswali? Nikubali upasuaji?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Nina mimba ya wiki 29. Nimetokwa na damu nyekundu mara mbili, bila maumivu yoyote, na ultrasaundi imeonyesha kondo la nyuma limekaa chini na kufunika mlango wa kizazi. Daktari amenikataza kazi nzito na tendo la ndoa, na amesema huenda nikazaa kwa upasuaji. Mama mkwe anasema mwanamke mwenye imani huzaa kwa njia yake, nisomewe tu na kondo litapanda. Tangu damu ianze nimeacha kuswali nikidhani ni hedhi. Na kila usiku najiuliza nimemkosea nini Mola wangu.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Naanza na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kondo hujishikiza pale mimba ilipotua tangu siku za mwanzo kabisa, pengine kabla hata hujajua kama umebeba. Madaktari wanataja mambo yanayoongeza uwezekano wake, kama kovu la upasuaji wa nyuma au mimba ya mapacha, na mara nyingi hawaoni sababu yoyote. Sasa wewe umepata wapi kwamba ni adhabu? Bi Maryam, aliyetakaswa na kuteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alisema: "Laiti ningekufa kabla ya haya." Hakukemewa kwa neno hilo. Aliitwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaambiwa atikise shina zimdondokee tende mbivu, ale, anywe na jicho lake litulie. Soma Sura Maryam aya ya 23 hadi 26, uisome polepole. Kama yeye alilia, na wewe lia.

Kuhusu damu. Wanazuoni wametofautiana kama mjamzito hupata hedhi. Imam Malik na Imam Shafii, katika kauli yake mashuhuri, wanasema yawezekana, ikiwa damu imetimiza masharti ya hedhi. Abu Hanifa na Ahmad wanasema hapati, na miongoni mwa hoja zao ni hadithi ya wanawake waliotekwa katika vita vya Awtas, ambapo Mtume (s.a.w.) aliifanya hedhi kuwa alama kwamba tumbo halina mimba. Kwako wewe naona jambo ni jepesi zaidi, kwa sababu chanzo cha damu kimeonekana kwenye kipimo: inatoka pale kondo linapoachia kidogo. Fatima binti Abi Hubaysh alipolalamika kuwa damu yake haikatiki, Mtume alimwambia hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Damu yako ni ya namna hiyo. Kwa hiyo swali. Wakati ukiingia jisafishe, weka pedi, tia udhu, kisha uswali, hata damu ikitoka katikati ya swala. Huna haja ya kuoga kila mara. Udhu wa kila swala ukikuelemea, mwanamke mwingine aliyetokwa na damu nyingi, aitwaye Hamna binti Jahsh, alielekezwa acheleweshe Adhuhuri na kuitanguliza Alasiri azikusanye, na wapo wanazuoni walioichukua ruhusa hiyo.

Ukiambiwa usisimame sana, swali umekaa. Usipoweza kukaa, swali kwa ubavu, kama Mtume alivyomwambia sahaba wake Imran bin Husayn. Ramadhani ikikukuta katika hali hii na daktari akahofia afya yako, kula, utalipa baadaye.

Nije kwa mama mkwe, na naomba umjibu kwa adabu, kwani hajakosea yote. Ni kweli kwamba kondo lililoonekana chini kwenye wiki ya 20 mara nyingi huonekana limesogea juu kadiri mfuko wa uzazi unavyokua. Ndiyo maana kipimo hurudiwa karibu na wiki ya 32, na tena karibu na wiki ya 36. Kwa hiyo omba dua lipande, na kusomewa Qurani ni kheri. Lakini likibaki limefunika mlango, mtoto hana pa kupita ila kondo lichanike, na mama anaweza kumaliza damu yake kwa muda mfupi sana. Hapo upasuaji, ambao aghalabu hupangwa kabla uchungu haujaanza, unakuwa wajibu wa kuokoa nafsi mbili. Allah amesema: "Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo." Na mtu alipomuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, alisema mfunge kisha utegemee. Kukataa kisu katika hali hii na kusema hiyo ndiyo tawakuli ni kumwacha ngamia bila kamba.

Tena damu ikitoka, hata kidogo, hata ikikatika yenyewe, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri ruhusa ya mtu. Waambie mapema wanaokupokea kwamba kondo limefunika njia, ili mtu asiingize vidole kukupima. Kuongezewa damu kunaruhusiwa, awe aliyeitoa Muislamu au asiye Muislamu. Watafuteni ndugu walio tayari kuchangia tangu sasa.

Mumeo naye asikilize. Katazo la daktari kuhusu tendo la ndoa linamfunga yeye kabla yako, kwa kauli ya Mtume: "Hakuna kudhuru wala kulipizana madhara." Hupati dhambi kwa kumkatalia. Na kubeba ndoo na kupika, achukue yeye. Mtume mwenyewe alikuwa katika huduma ya watu wa nyumbani kwake.

Zile swala ulizoziacha kwa kutojua, wapo wasemao hulipi, lakini wengi wanaona ulipe, nami nakushauri ufuate hao. Zilipe kidogo kidogo, hata mbili au tatu kwa siku, ukiwa umekaa.

Allah akuvushe salama wewe na mwanao. Wallahu aalam.